Sikio Linalojibu

Dada yangu hasikii. Alikuwa kiziwi kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo sikuwahi kumjua akiwa mtu wa kusikia. Mimi nilijifunza kuongea kwa mdomo na kwa mikono karibu wakati mmoja. Yeye alisoma shule ya bweni ya viziwi, na kila likizo alirudi nyumbani kwetu Nyacheki na ishara mpya, akanifundisha tukichuma majani chai, tukiweka vikapu chini ili mikono iwe huru. Wazazi wetu hawakujifunza kama mimi. Walijua ishara chache: kula, njoo, oga, ng'ombe, kanisa, mbaya. Kwa hizo walimlea mtoto wao wa kwanza mpaka akawa mtu mzima.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini siku ile mjini Kisii mimi ndiye niliyekaa katikati ya kila neno.

Dada ni fundi wa nguo. Ana chumba karibu na soko la Daraja Mbili, hapo mjini, na kazi yake kubwa ni kupunguza makoti na suruali za mitumba ambazo watu wamenunua sokoni zikiwapwaya. Mumewe, anayesikia, ni seremala, na mara nyingi huwa mbali akifuata kazi. Walipopata mtoto wao wa kwanza, msichana, muuguzi wa kliniki ya watoto alimshauri dada ampeleke mtoto akapimwe masikio, kwa kuwa mama ni kiziwi.

Jioni moja kabla ya kwenda nilimuuliza dada anataka majibu gani. Alisimamisha cherehani akafikiri kidogo.

"Nikiambiwa anasikia nitafurahi," aliniambia kwa mikono. "Nikiambiwa hasikii nitafurahi pia, ila sitamwambia mtu."

Mimi moyoni nilikuwa naomba asikie, na nadhani aliona usoni mwangu, maana aligeuka akaendelea kushona.

Mama alisikia habari za kipimo akasema lazima awepo. Baba yetu alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa akiishi peke yake na ng'ombe wake wawili. Aliwaacha kwa jirani, akaja mjini asubuhi na mapema akiwa amevaa nguo ya Sabato ingawa ilikuwa katikati ya wiki. Hakuongea sana njiani. Nilidhani ni ngazi zilizomchosha, kwa sababu mahali pa kupimia palikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la mabati.

Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke wa umri wangu, hakuwa mtu wa kwetu, na siku hiyo alikuwa na mafua. Kila baada ya muda alipenga kamasi akatuomba radhi. Alitukaribisha kwa Kiswahili, nami nikaanza kazi yangu: Kiswahili chake nikakigeuza Ekegusii kwa mama na ishara kwa dada. Nilipomwambia mama, "Baba, keti hapa," yule mtaalamu aliangalia mlangoni kama anayemsubiri mwanamume aingie. Ikabidi nimweleze kwamba kwa Ekegusii mama ndiye tunayemwita baba. Alicheka mpaka akakohoa.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa simu, ina waya wenye kizibo laini cha mpira mwishoni. Alitaka mtoto awe amelala. Dada alimnyonyesha mpaka macho yakafumba, kisha yule mtaalamu akakisukuma kizibo taratibu ndani ya sikio la kulia.

"Sasa tunyamaze wote," alisema. Nilipomtafsiria dada hilo, alinikazia macho akasema kwa mikono kwamba yeye amenyamaza miaka mingi.

Mashine ilitoa milio midogo, mifupi sana, tk-tk-tk-tk, ambayo hata mimi niliisikia kwa mbali ikivuja kutoka kwenye sikio la mtoto. Dada aliuliza ni mlio wa namna gani. Nilichukua kiganja chake nikakigonga kwa ncha ya ukucha, haraka haraka, kidogo tu. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa, lakini hakuondoa kiganja.

Kwenye kioo cha mashine kulianza kuonekana mstari unaopanda na kushuka. Baada ya muda mfupi yule mtaalamu alitabasamu.

"Sikio hili linajibu," alisema.

Mama aliniuliza kwa Ekegusii, "Linajibu nini? Mtoto amelala."

Hilo swali ndilo lililomfanya yule mwanamke atueleze. Alisema ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji, na ndani ya maji hayo kuna utando mrefu. Upande wa mlangoni utando ni mwembamba na umekaza, na kadiri unavyoingia ndani unakuwa mpana na kulegea. Sauti nyembamba hutikisa sehemu ya mlangoni, na sauti nene huenda mpaka mwisho. Ule mlio mfupi wa tk una sauti zote kwa pamoja, nyembamba na nene, kwa hiyo utando wote hutikisika. Lakini hautikisiki mara moja. Mlangoni kunaanza na kutulia upesi. Wimbi linasafiri kwenda ndani, na kule mwisho kunaanza kwa kuchelewa na kunachelewa pia kutulia.

"Mlio umeshakwisha," alisema, "na sikio bado linacheza."

Maneno yangu ya ishara hayakutosha. Nilimwomba dada ule mkono mmoja usiombeba mtoto, nikampa pembe ya blanketi, mimi nikashika pembe nyingine, nikaipiga mara moja. Wimbi lilitembea kwenye blanketi mpaka vidoleni mwake. Aliangalia blanketi, kisha akanisahihisha. Alisema blanketi limelegea kote. Kama upande mmoja umekaza, basi ni kama kola ya shati, mahali unapotia kitambaa kigumu ndani, halafu pole pole inakuwa nguo ya kawaida. Nilimtafsiria mtaalamu. Alisema hivyo ndivyo, akaongeza jambo lililonishangaza mimi mwenyewe, niliyesoma sayansi hadi kidato cha nne.

Alisema juu ya utando huo kuna seli zenye vinyweleo, na baadhi yake hazikai tu kungoja sauti. Zinajivuta na kujinyoosha, zinausukuma utando ili utikisike zaidi. Sauti ikiwa ndogo zinasukuma sana, na ikiwa kubwa hazisumbuki. Kule kusukuma kwake kunarudisha nje sauti ndogo mno, inapita ngoma ya sikio ikirudi, na ndani ya kile kizibo kuna kipaza sauti kinachoidaka. Hilo ndilo jibu. Mtoto amelala, lakini sikio lake linafanya kazi.

"Na vinyweleo hivyo vikiharibika?" nilimuuliza.

"Havioti tena," alisema. "Na sikio halijibu."

Alikuwa anamgeuza mtoto ili apime la kushoto mvua ilipoanza. Wanaojua Kisii wanajua mvua ya mchana inavyokuja, na chini ya mabati haikuwa mvua tena, ilikuwa kelele tupu. Mtaalamu alichomoa kizibo. Hakuna kipimo kwenye kelele kama hii, alisema, tungoje. Akaenda kujimiminia maji ya moto kwenye kikombe.

Tuliketi. Dada alimlaza mtoto mapajani akawa anatazama maji yakishuka kwenye dirisha. Ndipo mama akaongea, na hakuongea nami. Alimgeukia yule mwanamke moja kwa moja, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya juu ili isikike juu ya ile mvua.

"Daktari. Hizo nywele ya ndani. Mtu akipigwa kofi, si zinakufa?"

Yule mwanamke aliweka kikombe chini. "Nani alipigwa, mama?"

"Huyu." Alimwonyesha dada kwa kidevu. "Mimi ndio nilimpiga. Hapa." Aligusa sikio lake mwenyewe la kushoto. "Na mkono hii. Alikuwa mtoto, bado hajaingia shule. Jioni nikamwita, hakusikia. Nikamwita tena, hakusikia. Usiku ikakuja homa, tukapeleka hospitali, watu wakasema ni homa. Lakini mimi najua. Homa ilikuta masikio imekufa."

Sikuwahi kusikia hayo. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Nilikumbuka miaka tuliyompeleka dada mbele ya kanisa aombewe, mama akiwa wa kwanza kupiga magoti na wa mwisho kuinuka, na dada akichukia kusukumwa mbele ya watu. Nilidhani mama ana imani kubwa. Sikujua kwamba alikuwa na jambo lake analoliombea.

Yule mwanamke alianza kumwuliza kama dada alikuwa kiziwi upande mmoja au pande zote, na mama akajibu pande zote. Lakini dada alishaona midomo inakwenda, na mkono wa mama umegusa sikio. Alinigonga begani.

"Anasema nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba nitamwambia baadaye. Ni neno ambalo viziwi wameambiwa sana na watu wa nyumbani kwao, na yeye alilichukia kuliko neno lolote. Nikamwambia yote, jinsi mama alivyoyasema.

Dada hakukasirika. Alikunja uso kama anayeangalia nguo aliyoikata vibaya, akatafuta kosa liko wapi. Kisha akaniomba nimshike mtoto ili apate mikono yote miwili.

"Nakumbuka kofi," alisema. "Mwambie nakumbuka. Nilipewa ndama nimchunge asifike kwa mama yake. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi, nikalala kwenye nyasi. Ndama akaenda akanyonya maziwa yote. Mama akanipiga. Nililisikia lile kofi."

Nilimtafsiria mama kwa Ekegusii, nikiinama karibu naye kwa sababu ya mvua. Mama alikuwa anaangalia mikono ya dada, si mimi.

"Nikakimbilia nyuma ya jikoni, kwenye migomba," dada aliendelea. "Akaniita. Nilimsikia. Akaniita tena, safari hii kwa upole. Nilimsikia. Akaja mpaka nyuma yangu akaongea, na sikugeuka."

"Kwa nini hakugeuka?" mama aliuliza.

"Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka aogope kidogo."

Mama alimsogelea dada. Halafu akasema, "Mwulize nilimwambia nini kule kwenye migomba."

Nilimwuliza. Dada hakujibu kwa mikono. Alifungua mdomo akatumia sauti yake, ambayo huitumia kwa nadra sana kwa sababu watoto wa mtaani huicheka, sauti nzito isiyo na kupanda wala kushuka.

"Inchwo," alisema.

Ni neno la Ekegusii la kumwita mtu, njoo. Lilitoka limepinda, lakini lilikuwa hilo, na hakuna mtu aliyemfundisha shuleni. Mama aliweka kiganja mdomoni. Yule mtaalamu aliniuliza kwa macho kuna nini, nami kwa mara ya kwanza siku hiyo sikumtafsiria mtu.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Nilikuwa nikifikiri juu ya mama, kwamba amemwangalia binti yake miaka yote hiyo akidhani anaona kazi ya mkono wake. Na dada alikuwa na jibu tangu mwanzo. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mama alijua ishara ya ng'ombe na ishara ya kula, na swali kama hilo halipiti hapo.

Nilitarajia mama apumue kama mtu aliyetuliwa mzigo. Haikuwa hivyo. Aliposema tena, alisema kwa Ekegusii, polepole:

"Kwa hiyo alikuwa tayari mgonjwa. Kichwa kilimuuma, akalala, na mimi nikampiga mtoto mgonjwa. Mwambie hivyo. Mwambie nimeelewa."

Nilimwambia dada.

"Mwambie najua," alisema. "Na mwambie amshike mtoto, wewe unamshika vibaya."

Mama alimpokea mtoto, ambaye sasa alikuwa ameamka na analia. Tukangoja anyonye tena. Sikio la kushoto lilisumbua. Mara ya kwanza mashine haikuonyesha kitu, nikaona mama amekaza mikono. Yule mtaalamu akasema tusiwe na wasiwasi, kizibo hakijakaa vizuri, mtoto bado anachezesha taya. Akakichomoa, akakifuta, akajaribu kingine kidogo zaidi. Mstari ukapanda. La kushoto nalo lilikuwa linajibu.

Nilimgeukia dada nikamwambia. Aliitikia kwa kichwa, akambusu mtoto kwenye paji la uso, akamvuta mama bega kidogo. Halafu alionyesha ile mashine, akajionyesha mwenyewe.

Mtaalamu alimtazama ndani ya masikio kwa taa kwanza. Ngoma zote mbili nzima, alisema, hazina hata kovu. Kisha akaweka kizibo cha mtu mzima. Dada alikaa wima kama anayepigwa picha, akikodolea macho kile kioo. Milio ilikwenda. Mstari ulitetemeka chini, bila kuinuka. Upande wa pili vilevile.

"Mashine haiwezi kuniambia sababu," yule mwanamke alimwambia mama, na alichagua maneno mepesi ili mama ayapate bila mimi. "Lakini homa ile ya shingo kukaza inafanya hivi, masikio mawili pamoja. Tumeona wengi. Kofi moja upande mmoja, hapana."

"Asante, daktari," mama alisema. "Ameshaniambia mwenyewe."

Dada alikuwa na swali lake. Alitaka kujua kama ule mlio unaingia kwake au unakomea mlangoni. Yule mwanamke alifikiri kabla ya kujibu, na nilimpenda kwa hilo. Alisema mlio unaingia. Unapiga ngoma, maji yanatikisika. Pengine hata utando unatikisika kidogo, ingawa baada ya homa ile wakati mwingine ndani hugeuka mfupa, na mashine yake haioni huko. Lakini seli za kuusukuma na za kupokea hazipo, kwa hiyo unaishia hapo.

"Kwa hiyo mlio unaingia," dada alisema kwa mikono, na hakuuliza lingine.

Nimelifikiri sana jibu hilo. Watu humwona dada kama nyumba iliyofungwa. Mimi pia nilimwona hivyo wakati mwingine, nikiwa nimechoka kutafsiri. Kumbe kila siku sauti za soko, redio za majirani, cherehani yake mwenyewe, zote zinamwingia na kufika mpaka kwenye maji, kama zinavyofika kwangu. Sijui kujua hivyo kunabadilisha nini. Yeye tangu siku ile aliacha kupiga kidole sikioni anapojitambulisha kwa wateja, ile ishara ya kwamba masikio yamefungwa. Anatikisa mkono tu: sisikii.

Majuma yaliyofuata mama hakurudi Nyacheki. Alisema anamsaidia dada na mtoto. Jioni moja nilikuwa nimeketi nao dada akidarizi, mkasi ukamponyoka ukaanguka sakafuni. Mtoto alishtuka, mikono yote ikaruka juu, akaangua kilio. Dada alimwangalia, akaangalia mlango, akaangalia dirisha, akitafuta kilichomtisha. Kisha akaona mkasi. Aliuokota, akaudondosha tena makusudi kutoka chini kidogo, mtoto akashtuka tena. Dada alicheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena. Hakujua kwamba mkasi wake una kelele hivyo. Tangu hapo alitandika kipande cha blanketi mahali anapoweka vyuma vyake.

Mama naye alianza kuniuliza ishara. Hakuuliza kama mwanafunzi. Aliuliza kama mtu anayekopa chumvi, moja moja, akipita: hii ya "jana" ni vipi, hii ya "kumbuka", hii ya "kukasirika". Vidole vyake vimezoea jembe na majani chai, havikunjiki vizuri, na ishara zake zilikuwa mbovu kama Kiswahili chake. Dada alizirekebisha kwa kumshika vidole, bila huruma, mpaka zikakaa.

Jumapili moja niliwapelekea maziwa. Mlango ulikuwa wazi na hawakuniona. Mtoto alikuwa amelala kati yao kwenye mkeka. Mama alikuwa anasema jambo refu kwa mikono yake mizito, akikosea, akirudia, na dada alikuwa amejishika mbavu kwa kucheka. Mama akacheka pia, mpaka leso ikamwanguka kichwani.

"Mnacheka nini?" niliuliza, kwa mdomo na kwa mikono.

Waliangaliana. Dada alifuta macho akasema si kitu. Mama akasema kwa Ekegusii kwamba hata akinieleza sitaelewa, ilibidi niwepo. Nikaweka maziwa mezani, nikaenda kuwasha jiko la chai.